Vita vya Jirani na Biashara ya Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani wa shughuli za bandarini, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama hapa Mombasa. Yachapwa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri.)



Halmashauri iliniagiza nizungumze juu ya vita vya nchi jirani, na jinsi vinavyougusa uchumi wa nchi changa na watu wake wafanyao biashara. Agizo hilo halikutoka hewani. Katika orodha ya shughuli za leo iko hoja ya nne, isemayo kwamba Mfuko wetu wa Mikopo usimkopeshe tena mwanachama yeyote anayepeleka bidhaa nje ya mipaka ya Kenya. Sababu yake yajulikana. Wenzetu watatu waliokopa kwa ajili ya biashara ya Juba wameshindwa kurudisha fedha kwa wakati, na wadhamini wao, ambao baadhi yao wameketi humu ukumbini, wameanza kukatwa akiba zao. Mimi naipinga hoja hiyo, nami nasema hivyo tangu mwanzo ili asiwepo mtu atakayedhani namvizia. Lakini kabla ya kuipinga yanipasa kueleza ni kitu gani hasa kilichowapata watu hao, kwa maana nimesikia mengi yakisemwa nje ya mkutano, na machache kati yake ndiyo yenye haki.

Methali ya fahali wawili wapiganao, ziumiazo nyasi, wazee wetu mmeisema tangu zamani. Ni ya kweli, ila kwa habari ya biashara naona haitoshi. Nyasi ziko uwanjani, chini ya kwato. Mfanyabiashara wa Mombasa hayuko uwanjani. Aweza kuwa mbali na mlio wa bunduki kwa mamia ya maili, wala asiweze kutaja majina ya majemadari wanaogombana, na bado akaumia. Vita humfikia kwa njia ya karatasi: barua ya benki, ankara ya wakala wa meli, simu ya mdeni aombaye muda.

Tuitazame Sudan Kusini, maana ndiyo iliyotuletea hoja hii. Nchi ile ilipata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011. Wakenya walikwisha kuingia Juba kabla ya siku hiyo, na baada yake wakaongezeka: mafundi, wenye maduka, wenye magari ya mizigo, makarani kama mimi, mabenki yetu nayo yakafungua matawi. Nchi haina pwani. Sehemu kubwa ya bidhaa zake hushuka hapa Kilindini, ikapanda hadi Malaba, ikapita Uganda mpaka Nimule, ndipo ifike Juba. Fedha ya kununulia bidhaa hizo hutoka karibu yote katika mafuta ya petroli yachimbwayo huko, na mafuta hayo hayana njia ya kwenda baharini ila mabomba yanayopita katika ardhi ya Sudan, jirani wa kaskazini, mpaka Port Sudan. Kwa hiyo mwuza mabati wa Kongowea, ajue asijue, hulipwa kwa fedha iliyotoka katika bomba lile.

Sasa tazameni mambo yanavyofungamana. Januari 2012 serikali ya Juba iligombana na Khartoum juu ya ada ya kupitisha mafuta, ikavifunga visima vyake yenyewe. Desemba 2013 watu wa Juba wakapigana wao kwa wao. Desemba 2015 serikali ikaacha kuishikilia thamani ya pauni yake, na kwa siku moja pauni ikashuka kutoka karibu 3 kwa dola hadi zaidi ya 18. Nawaomba tukae kidogo hapo, kwa kuwa ndipo wengi wasipopaona. Mathalani mtu aliuza bidhaa kwa mkopo wa pauni 30,000. Jumatatu deni lake lilikuwa na thamani ya dola 10,000 na ushei. Baada ya tangazo lile likawa dola 1,600 hivi. Hakuibiwa. Mdeni wake hakutoroka, bali alilipa pauni zile zile walizopatana, kwa uaminifu, na kwa uaminifu ule mwuzaji akafilisika. Hakuna askari aliyegusa hata gunia moja.

Julai 2016 vita vikarudi Juba, maduka yakaporwa, na Wakenya wengi wakarudi nyumbani na nguo walizovaa. Mabenki yakafunga baadhi ya matawi. Hata hivyo wengi walirudi tena, na sioni kwamba walikuwa wapumbavu, maana soko lipo na njia wanaijua.

Kisha, Aprili 2023, moto ukawaka upande wa pili. Jeshi la Sudan na kile kikosi kiitwacho RSF walianza kupigana Khartoum kwenyewe. Juba haikuwa mpiganaji katika vita hivyo. Lakini Februari 2024 bomba mojawapo la mafuta lilipasuka katika eneo la mapigano, na mafundi hawakuweza kulifikia kwa urahisi. Ikachukua takriban mwaka mmoja kabla njia ile haijatengenezwa na kufunguliwa. Serikali ya Juba ikakosa sehemu kubwa ya mapato yake. Watumishi wake wakakaa miezi mingi bila mshahara. Asiyepata mshahara hanunui, na mwenye duka asiyeuza halipi. Wenzetu watatu walikuwa wamepeleka bidhaa zao mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2024. Bidhaa zilifika salama, stakabadhi zake nimeziona. Ni fedha ndiyo ambayo haikurudi. Wasemao kwamba watu hawa walikula fedha za Chama, na wazipeleke hesabu zao mezani kama wenzetu walivyozipeleka zao.

Ndiyo sababu nasema kosa halikuwa kuuza nje ya mpaka. Nitarudi hapo. Lakini kwanza hoja ya nne ina dhana ndani yake, kwamba aliyekaa ndani ya mpaka yu salama. Dhana hiyo ni ya kupimwa.

Hapa bandarini tumejifunza zamani kwamba bahari nayo ina mipaka yake. Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita mwishoni mwa mwaka 1956 hadi 1957. Ukafungwa tena Juni 1967, na safari hii haukufunguliwa ila Juni 1975. Miaka minane! Meli kadhaa zilinaswa ndani ya mfereji zikakaa humo muda wote huo, zikipigwa na mchanga wa jangwani. Meli kati ya Ulaya na Mombasa zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, zaidi ya maili 2,000 za ziada, na nauli yake ikaingia katika bei ya kila jembe na kila dawa.

Habari hiyo imejirudia machoni petu. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walishambulia meli katika Bahari ya Sham kwa sababu ya vita vya Gaza, na kampuni kubwa za meli zikaihama njia ile. Mzunguko wa Rasi huongeza kama wiki mbili. Chuma hakijali wiki mbili. Parachichi hujali. Mkulima wa Murang'a aliyezoea matunda yake kufika Ulaya yakiwa imara, yalifika yakiwa yamelainika, na mnunuzi akakata bei au akayakataa kabisa. Mkulima huyo hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Misri yenyewe, ambayo nayo ni nchi changa na haikuwa ikipigana Yemen wala Gaza, ilipata katika Mfereji dola bilioni 10 na zaidi mwaka 2023. Mwaka 2024 ilipata karibu bilioni 4 tu. Misri ni mnunuzi mkubwa wa chai yetu, na dola zikipungua kwake, mwenye kununua chai huko hana budi kuzitafuta kwa shida.

Haki ni haki, nami sitaficha upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2024 bandari yetu ilishughulikia tani zaidi ya milioni 41, na makontena zaidi ya milioni 2, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia. Sehemu ya ongezeko hilo ni makontena ya kuhamishwa kutoka meli moja hadi nyingine, na kuhama kwa meli kutoka Bahari ya Sham kulichangia. Wapo humu waliopata saa za ziada kwa sababu hiyo, nami sikuzirudisha zangu. Vivyo hivyo kwa miaka mingi nafaka ya msaada wa wenye njaa wa Sudan imepita hapa na kumpa mpakuzi na dereva riziki yake. Vita vya jirani huwapa wengine kazi. Lakini kazi hiyo huja bila taarifa na huondoka bila taarifa, wala hakuna mtu awezaye kukopa fedha za kujenga nyumba kwa kutegemea kwamba wengine wataendelea kuuana.

Natoka baharini naingia shambani. Wengi wetu tuliokuja pwani kutafuta kazi tumeacha mashamba ya chai huko bara, na hapa ndipo jambo lenyewe linapotuuma. Wakulima wadogo wa chai nchini ni zaidi ya laki sita. Chai yao huuzwa mnadani papa hapa Mombasa, na Pakistan peke yake huchukua karibu theluthi au zaidi. Sudan, kwa miaka mingi, ilikuwa miongoni mwa wanunuzi kumi wakubwa. Watu wake hunywa chai kwa wingi sana. Vita vya 2023 vilipunguza ununuzi huo. Kisha Februari 2025 watu wa RSF na wenzao walikutana Nairobi wakatia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan iliona kwamba Kenya imechukua upande. Ikamwita balozi wake arudi, na mwezi wa Machi 2025 ikasimamisha bidhaa zote zitokazo Kenya. Makontena ya chai iliyokwisha kuuzwa yakakwama, mengine hapa, mengine Port Sudan. Mimi ni karani, si waziri, wala sitahukumu hapa kama mkutano ule ulifaa au haukufaa kufanyika Nairobi. Nasema tu kwamba mama mchuma chai wa Kisii hakuulizwa, na kikapu chake kilikuwa mezani siku ile bila yeye kujua. Wachumaji wa miraa wa Meru wanaifahamu hali hiyo: Somalia iliizuia miraa yao Machi 2020 kwa ajili ya korona, ikaendelea kuizuia kwa ajili ya ugomvi wa kisiasa hadi Julai 2022.

Si kila upungufu wa bonasi ni kwa sababu ya vita, nisije nikawapa wasimamizi wa viwanda kisingizio. Kima cha chini cha bei kilichowekwa mnadani mwaka 2021 nacho kilikuwa na sehemu yake, kwani chai nyingi ilikaa maghalani bila mnunuzi. Lakini aliyekuwa na wanunuzi wengi alipumua, na aliyekuwa na mmoja alibanwa.

Yako pia yale tuliyojitendea wenyewe. Wazee watakumbuka Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Hapakuwa na risasi hata moja, ila magari yaliyokuwa yakipeleka bidhaa zetu Zambia yalisimama, na viwanda vya Nairobi vikapoteza soko ambalo vilikuwa vimelijenga kwa miaka mingi. Na mwanzoni mwa 2008 sisi ndio tuliokuwa jirani mbaya. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia za baada ya uchaguzi; reli ya kwenda Uganda iling'olewa pale Kibera; malori yakazuiwa barabarani. Mafuta yakawa haba Kampala, Kigali na Bujumbura. Tangu hapo wafanyabiashara wengi wa nchi hizo walianza kuitazama Dar es Salaam kwa jicho jingine, na baadhi ya shehena iliyohama wakati ule haikurudi Kilindini. Nimetaja jambo hili kwa sababu nasikia wengi wakisema "Juba hapafai, watu wake hawatulii". Kampala walisema maneno hayo hayo juu yetu.

Hapa mjini kwetu mwaka 2014 haujasahaulika. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011. Yakafuata mashambulio ya Westgate, Septemba 2013, walipouawa watu 67, na ya Mpeketoni, Juni 2014. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasije kisiwani Mombasa pasipo jambo la lazima, ndege zikaja kuwachukua watalii kabla ya likizo zao kwisha, na onyo halikuondolewa hadi Juni 2015. Hoteli kadhaa za pwani zikafungwa. Wapishi, watandika vitanda, wavuvi, wauza vinyago, wote wakajikuta hawana kazi. Hasara hiyo ililetwa na adui. Lakini iko nyingine ambayo haikuletwa na adui. Aprili 2014 maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko wakapelekwa uwanja wa Kasarani, wengi kwa sababu ya sura na lugha yao. Na Aprili 2015, baada ya wanafunzi na wengine, jumla 148, kuuawa Garissa, Benki Kuu ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, nazo zikafunguliwa tena Juni. Katika majuma yale duka la nguo la hapa Mombasa lililokuwa likinunua bidhaa zake Eastleigh kwa mkopo, lilikosa mkopo. Mwenye kukopesha alikuwa amefungiwa njia yake ya fedha. Aliyeshangilia kwamba "wale" wameadhibiwa, aliona bei ya shati imepanda.

Sasa nairudia hoja ya nne. Tukiipitisha, tutamnyima mkopo mwuza mabati wa Juba na tutampa mkulima wa parachichi na mwenye kibanda cha watalii, nao wote watatu wamekwisha kuumizwa na vita vya watu wengine. Mpaka haumlindi mtu. Tena kuna jambo la aibu ambalo yafaa lisemwe waziwazi: wanachama wetu wengi wafanyao biashara ya nje ni vijana wasio na ajira ya mwezi, na hoja hii ingefanya Mfuko wa Chama uwe wa wenye mishahara peke yao. Sidhani waanzilishi wa Chama walikusudia hivyo.

Ninalopendekeza ni hili. Mkopo wa biashara ya nje utolewe, lakini kamati iuone kwanza mkataba wa mauzo, na mkataba huo uwe kwa shilingi ya Kenya au dola, si kwa fedha ya nchi iliyo vitani. Lau wale wa mwaka 2015 wangalifanya hivyo, hasara ingalikuwa ya mnunuzi na mwuzaji kwa pamoja, si ya mwuzaji pekee. Mkopaji asipeleke mzigo wote kwa mnunuzi mmoja. Kuhusu bima, tafadhalini nisikilizeni, maana hapa watu hudanganyika kila wiki: bima ya kawaida ya shehena hailipi hasara ya vita. Ya vita hununuliwa mbali, na aghalabu hufaa mzigo ukiwa melini, ikakoma mzigo ukishashushwa nchi kavu. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba lori lake liendalo Nimule, au Goma tangu mji ule ulipotekwa Januari 2025 na benki zake kufungwa, lina bima kamili, mwombeni awaonyeshe maandishi, nanyi someni mpaka ukurasa wa mwisho.

Kuhusu wenzetu watatu, naomba wadhamini wao wasiendelee kukatwa. Wapewe miezi kumi na minane, walipe deni lenyewe bila faida, na wawe wakileta taarifa kwa Mwandishi kila robo mwaka. Na tangu mwaka huu sehemu ya kumi ya faida ya Mfuko iwekwe mbali, isiguswe kwa mazishi wala kwa karamu ya mwisho wa mwaka, iwe akiba ya mwanachama atakayefungiwa soko na vita au kwa amri ya serikali yoyote. Najua wapo watakaonung'unika juu ya karamu. Nimeipiga hesabu: nyama itapungua, chai itabaki.

Nakala za hesabu hiyo ziko kwa Mtunza Hazina pale mlangoni, ukurasa mmoja tu, na stakabadhi za wenzetu watatu ziko katika jalada la kijani kwa yeyote anayetaka kuzikagua kabla hatujapiga kura. Bwana Mwenyekiti, nimemaliza.

(Baada ya mazungumzo ya saa moja na nusu, hoja ya nne iliahirishwa kwa kura, na Halmashauri ikaagizwa kuleta kanuni mpya za mikopo katika mkutano wa robo mwaka ujao. Makato ya wadhamini yalisimamishwa mpaka hapo. Jambo la karamu halikuamuliwa.)